Shibiri Moja ya Mwanzo wa Kanda

Hotuba kwa walimu na vijana wa kujitolea waliokusanyika katika Ngome ya Lamu kabla ya kuanza kazi ya kuhamisha kanda za video za masomo

Assalamu alaikum. Walimu wangu, mama zetu, wazee wa mtaa mliokubali kupanda ngazi za Ngome katika joto hili, na ninyi vijana mtakaoifanya kazi yenyewe, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa niseme machache kabla deki haijawashwa, nami nimechagua jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno kustahili hotuba: zile sekunde chache za mwanzo wa kanda ya masomo, kabla mwalimu hajatokea kwenye kioo, ambapo nembo ya waliotengeneza kanda huruka, huzunguka, hung'aa, hupigiwa muziki mfupi, kisha ikapotea. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili hata atakayesinzia awe amekwisha kulisikia. Msizikate.

Ninayo sababu ya kuomba hivi. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka kanda zangu sita kwa fundi mmoja wa Mombasa anihamishie kwenye diski. Alikuwa fundi hodari, na bei yake haikuwa ya dhuluma. Nilipozipokea diski nikazifurahia, na kwa kuwa nyumba yangu ni ndogo na kanda zilikuwa zimeanza kuota ukungu, nikazitupa kabla ya kuzitazama diski zote. Kosa hilo ni langu, simbandiki mtu. Siku nilipokaa kuzitazama kwa utulivu nikaona kwamba kila somo linaanza moja kwa moja kwa mwalimu akisema. Nembo hakuna, muziki hakuna, jina la shirika halimo. Nilimpigia simu fundi, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba ameniondolea matangazo yale bila kunitoza chochote. Leo ninazo diski sita za masomo mazuri ambayo siwezi kusema kwa yakini yalitengenezwa na nani, wala mwaka gani.

Tuanze na kipimo. Katika PAL, mfumo wa picha za runinga tuliokuwa tukiutumia hapa Kenya, kanda ya VHS hupita mbele ya vichwa vya deki kwa mwendo wa milimita 23.39 kwa sekunde. Nembo ya sekunde kumi basi imekaa kwenye kipande cha kanda kinachokaribia sana shibiri moja ya mkono wangu, chenye upana wa milimita 12.7. Kanda ya saa tatu ina kama mita 258. Shibiri moja katika mita 258! Na shibiri hiyo, kwa bahati mbaya, ipo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu mwanzo wa kanda ndio unaovutwa na kuzungushwa kwenye gurudumu la vichwa kila mara kanda inapoingizwa, ndio unaosimamishwa na kurudishwa na kila mtu anayejaribu kama deki inafanya kazi, na ndio mara nyingi unaokaa nje ya mzingo, ukipigwa na hewa ya chumvi na unyevu wa pwani yetu. Mkiona nembo inatetemeka na kuchanika kwa mistari meupe, jueni hiyo ni alama ya mikono iliyopita.

Sisi watu wa Lamu hatuhitaji kufundishwa kwamba mlango wa jambo ni sehemu ya jambo. Siwa ya shaba ya hapa, lile baragumu kubwa, na siwa ya pembe ya Pate zilipigwa katika shughuli za wakuu, na aliyeisikia akiwa kwenye kichochoro cha mbali alijua, kabla ya kuona mtu yeyote, kwamba shughuli imeanza na kwamba si ya nyumba yoyote tu. Nembo ya kwenye kanda ilifanya kazi hiyohiyo: ilitangaza mwenyewe ni nani, na ikawataka watoto darasani wanyamaze. Mwalimu yeyote aliyewahi kuonyesha kanda kwa darasa la watoto arobaini anajua kwamba kunyamaza huko kulikuwa na thamani yake.

Lakini mwanzoni nembo hazikusogea. Filamu za shuleni za milimita 16, kama zile za Encyclopaedia Britannica Films, shirika lililoanza kutumia jina hilo mwaka 1943, zilifunguliwa kwa maandishi yaliyosimama na muziki wa vinanda chini yake, kama jalada la kitabu lililowekwa mbele ya kamera. Kuchora kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, kulikuwa ghali, na filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, maana yake ni kwamba nembo ya sekunde tano ni michoro 120. Hakuna mkurugenzi wa filamu za kusafisha meno aliyekubali gharama hiyo.

Mwendo uliingia kwa njia ya runinga. Mwaka 1953 msanii Abram Games aliitengenezea BBC alama iliyosogea, naye hakuichora. Aliiunda kwa nyaya na taa, ikapigwa filamu, na haikupita muda mtambo wenyewe ukaharibika. Ninakipenda kisa hicho kwa sababu kinatuonyesha kitu ambacho kitajirudia katika historia yote hii. Kile tunachokiona kwenye kioo kama mchoro, nyuma yake ni mashine, na mara nyingi mashine imekufa, filamu pekee ndiyo imebaki. Ulimwengu wa BBC uliokuwa ukizunguka kwenye kioo katika miaka ya sabini ulikuwa tufe la kweli lililozungushwa na mota mbele ya kioo cha kujitazamia kilichobonyea, likapigwa na kamera ya rangi nyeupe na nyeusi, kisha rangi zikatiwa kwa umeme. Uliondolewa Februari 1985, ukaja ulimwengu uliotolewa na kompyuta.

Kwa upande wa masomo hasa, mambo yalipamba moto kati ya mwaka 1969 na 1971. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa 1969, kikawapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, na masomo yake yakarushwa na BBC saa ambazo watu wenye akili timamu wamelala. Mlio wake wa kufungulia ulichukuliwa kutoka kwenye utunzi wa Leonard Salzedo wa tarumbeta na tromboni, na wapo watu wazima Uingereza hadi leo ambao wakiusikia mlio huo huhisi baridi ya alfajiri. Huko Marekani, kipindi cha watoto cha Sesame Street kilianza Novemba 1969, na mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, PBS, mtandao wa runinga ya umma, ikaanza kurusha matangazo ikishika nafasi ya mtandao wa zamani wa runinga ya elimu uliojulikana kama NET.

Nembo ya PBS ya mwaka 1971 inastahili tuikalie kidogo. Ilibuniwa na Herb Lubalin: P ya buluu, B ya rangi ya machungwa, S ya kijani, na P hiyo imetiwa pua na kidevu ikawa uso wa mtu anayetazama kushoto. Zilikuja moja baada ya nyingine kwenye giza, zikisindikizwa na noti chache za kinanda cha elektroniki alizotunga Paul Alan Levi. Naomba mniruhusu kukiri kwamba mimi nilipoiona mara ya kwanza sikuiona kwa rangi hizo. Kanda iliyoletwa na mgeni ilikuwa ya mfumo wa Marekani, NTSC, wenye mistari 525 na takriban fremu 30 kwa sekunde, na deki yetu ilikuwa ya PAL, yenye mistari 625 na fremu 25. Picha ilipanda na kupanda kama maji ya bamvua, ikiwa ya kijivu tupu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba Wamarekani wamechagua kwa makusudi nembo ya mtu wa majivu. Ndiyo maana nimewaletea leo deki inayosoma mifumo yote miwili.

Mwaka 1984 kampuni ya ubunifu ya Chermayeff & Geismar iliugeuza uso huo utazame kulia, kisha ikaurudiarudia, uso ndani ya uso, ili mtu mmoja awe umma. Hoja yao ilikuwa kwamba runinga ya umma haiwezi kuwakilishwa na kichwa kimoja. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko ya nembo yenye akili zaidi katika habari yote ya kanda za masomo, kwa sababu mwendo wenyewe ndio uliobeba maana. Ukiisimamisha picha unaona vichwa tu, ukiiachia iende unaona mtu akizaa watu.

Sasa nije kwenye namna zilivyotengenezwa, kwani hapo ndipo vijana wangu mtakapohitaji macho makali. Kati ya miaka ya mwisho ya sitini na mwanzo wa themanini kulikuwa na njia kuu mbili za kuzifanya herufi zing'ae na kuruka.

Njia ya kwanza ilikuwa ya filamu na mwanga. Herufi zilikatwa kwenye filamu nyeusi isiyopitisha mwanga isipokuwa pale penye umbo, zikawekwa juu ya meza yenye taa chini yake, karatasi ya rangi ikatiwa kati, na kamera ikapiga fremu moja moja ikisogezwa kidogo kila mara. Kisha filamu ileile ikarudishwa nyuma ikapigwa tena, picha juu ya picha, mara nyingi kadiri zilivyohitajika rangi na mng'ao. Mwanga uliozidi ulivuja pembezoni mwa herufi, na uvujaji huo ndio ule utukufu mnaouona, herufi zikionekana kama zimetoka tanurini. Nembo ya WGBH, kituo cha Boston kinachotengeneza kipindi cha sayansi cha NOVA tangu 1974, ilikuwa na mng'ao wa namna hiyo, mistari ya nuru ikichora herufi gizani, na sauti yake ya elektroniki iliyopanda ghafla aliitunga Gershon Kingsley. Watoto waliiogopa. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa akiziba masikio kabla haijaanza, halafu ananiomba niirudie.

Njia ya pili ilikuwa mashine iliyoitwa Scanimate, iliyobuniwa na Lee Harrison wa kampuni ya Computer Image Corporation ya Denver. Ziliundwa nane tu. Iliitwa kompyuta, lakini msifikirie kompyuta ya leo yenye namba na kumbukumbu, kwa sababu ilifanya kazi kwa mawimbi ya umeme yaliyobadilishwa kwa vifundo na nyaya za kuchomeka. Mchoro wa herufi ulisomwa na kamera, ukaonyeshwa kwenye tyubu ya picha ambayo mistari yake iliweza kuvutwa, kupindwa, kuzungushwa na kupasuliwa na mawimbi hayo, kisha kamera nyingine ikaitazama tyubu hiyo na rangi zikaongezwa. Yote hayo yalitokea papo hapo, fundi akigeuza kifundo na herufi zikitii, jinsi nahodha anavyolegeza demani na tanga likaitika. Mashine hiyo ilitumika katika matangazo ya biashara, na pia katika vipindi vya watoto kama Sesame Street na The Electric Company. Herufi zinazotanuka kama mpira, zinazojikunja kama utepe na kuacha mkia wa rangi za upinde wa mvua, hizo nyingi ni zake.

Mtu akiniuliza atazitofautishaje njia hizi mbili kwa macho, namjibu kwamba atazame ulaini wa mwendo. Runinga ya PAL haionyeshi fremu 25 nzima nzima. Kila fremu imegawanywa nusu mbili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, na nusu hizo huonyeshwa 50 kwa sekunde. Nembo iliyopigwa kwa filamu husogea mara 25 tu, kwa sababu nusu zote mbili zinatokana na picha moja. Nembo iliyozaliwa kwa umeme husogea katika kila nusu, mara 50, ndipo huonekana kama inateleza juu ya mafuta. Kwa kanda za Marekani hesabu ni nyingine, lakini tofauti ya ulaini iko palepale. Programu nyingi za kuhamishia kanda, zikiachwa zichague zenyewe, huzichanganya nusu mbili hizo zikawa moja ili faili iwe ndogo, na hapo ushahidi wa nembo ilivyotengenezwa unafutika ingawa nembo bado inaonekana. Kwa hiyo nikisema msikate, simaanishi mkasi peke yake.

Kompyuta za namba zilipoingia, mwanzoni zilikuwa chache kiasi kwamba Channel 4 ya Uingereza, iliyoanza Novemba 1982, ililazimika nembo yake iliyobuniwa na Martin Lambie-Nairn ikahuishwe Los Angeles. Vipande tisa vya rangi viliruka kutoka pande zote vikajipanga kuwa tarakimu moja, 4. Vipindi vya shule vya ITV, runinga nyingine ya Uingereza, vilihamia kwenye stesheni hiyo mwaka 1987, na kwa hiyo vipande hivyo vikawa sehemu ya darasa.

Hapa kuna jambo ambalo watu husahau. Kanda za masomo hazikuwa zikiokota tu makombo ya matangazo ya biashara, bali pengine zilikuwa mbele. James Blinn, aliyekuwa akihuisha safari za vyombo vya anga vya Voyager kwa ajili ya JPL, maabara ya NASA, na aliyeshiriki pia katika Cosmos, kipindi cha runinga cha Carl Sagan mwaka 1980, alifanya uhuishaji wa kompyuta wa The Mechanical Universe, masomo 52 ya fizikia kutoka Caltech yaliyogharimiwa na mradi wa Annenberg/CPB. Katika masomo hayo milinganyo ya hesabu hutembea, hubadilishana nafasi, herufi moja hufuta nyingine, kwa ustadi uleule ambao mashirika mengine yalikuwa yakiutumia kuzungushia majina yao tu. Mtu anayefundisha fizikia hapa aniombe kanda hizo, nami nitampa kwa masharti kwamba azirudishe.

Baada ya mwaka 1990, Video Toaster, kifaa cha kutengenezea picha za video, ilipotokea kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, kila kampuni ndogo ya kanda za masomo ikaweza kuzungusha jina lake. Nasikitika kusema kwamba nyingi zilifanya hivyo. Dhahabu ya uongo, marumaru ya uongo, herufi zinazopinduka bila sababu juu ya mawingu. Sizipendi, lakini nazo msizikate, maana zinatuambia kwamba mwenye kanda alikuwa na mashine fulani katika miaka fulani, na huenda hakuna karatasi nyingine popote inayosema hivyo. DVD ilipofika, mwaka 1996 huko Japani na mwaka uliofuata Marekani, nembo zikaanza kuruhusiwa kurukwa kwa kubonyeza kitufe, zikafupishwa. Julai 2016 Funai, kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikiunda deki za VHS, kikaacha.

Mtanisamehe nikigusia pia umbo. Huenda mmejiuliza kwa nini nembo hizi zina herufi nene kwenye giza, na kwa nini nyekundu haionekani sana. Tukihesabu kwa upana wa picha, si ile mistari 625 inayopangwa kutoka juu hadi chini, VHS hubeba kama mistari 240 tu, na rangi hubebwa kwa uchache zaidi, ndipo nyekundu humwagika nje ya mpaka wake kama rangi ya kanga ya bei nafuu inapofuliwa mara ya kwanza. Msanii mjuzi alilijua hilo akachora kwa unene. Sauti nayo, kabla ya Hi-Fi, ile sauti safi zaidi, kuja katika miaka ya themanini, iliandikwa kwenye ukingo mwembamba wa kanda unaokwenda polepole, ndiyo maana waliotunga milio hiyo walipendelea noti chache zilizo wazi. Kinanda cha elektroniki kilivumilia ukingo huo kuliko fidla.

Basi kazi itakwenda hivi. Kila kanda itakaguliwa ukungu kwanza, na yenye ukungu haitaingia kwenye deki yangu hata kama imeletwa na mkubwa gani. Iliyo salama itapelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa hadi mwanzo, ili ilegee na ijipange upya. Kompyuta itaanza kurekodi kabla kanda haijaanza kucheza, ipokee hata theluji na weusi wa mwanzo, na itaachwa ihifadhi nusu zote mbili za kila fremu. Mtakapoandika orodha, andikeni nembo mliyoiona kwa maneno yenu wenyewe: rangi gani, imetokea upande gani, imelia vipi, mwendo laini au wa kukatika. Msijali kama hamjui ni ya nani.

Nimeleta kanda moja ya mfano. Karatasi yake ya jina imeliwa na mende, na ndani yake mna somo la bahari, miamba na samaki, ambalo mwalimu mmoja wa Shela alilitumia miaka mingi bila kujua asili yake. Jana usiku niliitazama shibiri yake ya kwanza. Picha imechanika, lakini kuna uso wa buluu unaotazama kulia, na mwingine unachomoza kutoka ndani yake. Kwa hiyo haikutengenezwa kabla ya 1984, na sasa tunajua pa kuanzia kuuliza. Bwana mkutubi, tafadhali zima taa ya upande huo, na walio nyuma wasogee mbele, kwani kioo ni kidogo na tutaitazama mara tatu.